Punje Moja kwa Wiki

Mwanangu Yusta,

Shuleni kwetu tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali. Yako naijua. Nilikusindikiza mwenyewe mpaka pale ambapo walio hai hurudi nyuma, nikatupa udongo kwa mkono huu huu wa kulia ninaoandikia. Siku ile mkono haukuusikia udongo. Macho ndiyo yaliyoniambia nimeshika kitu cheusi chenye unyevu. Vidole vyenyewe vilikuwa vimelala. Basi leo sikuulizi hali, nakupa yangu, na hasa hali ya mkono, maana wewe ulikuwa unauulizia mkono kabla hata hujaniamkia. "Umefika wapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yako.

Mkono umefika, mama.

Ningeweza kukwambia haya kaburini tukiwa wawili tu. Lakini mimi majivuno yangu niliyafanya mbele za watu, sokoni, mashineni, nje ya kanisa, na kosa langu lilizaliwa humo humo kwenye majivuno. Basi na hili nalisema mbele za watu. Wasome. Wenye wagonjwa ndani wasome mara mbili.

Wewe unajua mama yako ni nani, wao hawajui. Mimi ndiye Mama Yusta wa Rujewa, Mhehe niliyeolewa huku nikiwa sijui mpunga unapandwa ukiwa umelala au umesimama, nikajifunza mpaka wenyeji wakaniletea wao mchele wao niwachagulie. Jiwe likijificha kwenye ungo mimi silitafuti kwa macho. Napitisha vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, naongea na watu huku nacheka, na jiwe linatoka lenyewe kama limeitwa jina. Mama Rehema, anayenunua mchele hapa na kuupeleka dukani kwao Mbeya mjini, magunia ya wengine anayafungua na kuyachimba mpaka chini. Langu anafunga kamba tu. "Mchele wa Mama Yusta hauvunji jino," ndivyo anavyowaambia wateja, na mimi sijawahi kumkataza.

Ni wewe peke yako uliyekuwa unanitania. "Ipo siku utapitisha jiwe, mama, na litamwangukia padri."

"Labda siku hiyo niwe nimekufa."

"Ukifa nitachagua mimi."

"Wewe? Na vidole vyako hivyo vya kalamu?"

Tulicheka. Sikujua kuna maneno mtu anayatania leo, kesho yanarudi kumdai.

Nyumba ndiyo iliyoanza. Nilikuwa nakujengea chumba chako, chenye dirisha la kioo na bati za msauzi za kijani, ili ukija likizo kutoka Iringa ulale mahali panapofanana na mtu aliyesoma. Nilimwambia kila mtu kwamba binti yangu ni daktari Iringa. Ukanirekebisha kwa simu. "Mama, mimi si daktari, mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo." Nikakujibu kwamba kwa watu wa mtaani kwetu anayevaa koti jeupe ni daktari, na ukitaka kubishana njoo ubishane nao mwenyewe. Siku ya kuezeka ule upepo wa kabla ya mvua ulikuwa mkali. Fundi akasema tungoje. Mimi nikasema hapana, watu wanapita, waone bati zinapanda. Nikashika bati mwenyewe nimsogezee. Upepo ukalinyakua, likanipitia mkononi, vidole vinne juu ya kifundo, kama kisu kinavyopita kwenye ndizi mbivu.

Walionishona zahanati walishona vizuri, siwalaumu. Damu ilikuwa nyingi na ngozi ndiyo iliyokuwa inaonekana. Ulipofika kesho yake kwa basi la asubuhi hukuniuliza inauma wapi. Ulinishika kidole cha shahada ukakifinya kwa kucha.

"Mama, inauma?"

"Haiumi hata kidogo," nikasema kwa fahari, nikidhani nimepona haraka kuliko wengine.

Ukafinya na cha kati, ukafinya na gumba. Ukasema, "Tunaenda Mbeya leo."

Kule Mbeya wakanifungua tena, wakautafuta mshipa wa fahamu uliokatika, wakauunga kwa uzi mwembamba kuliko unywele, daktari akitazama kupitia miwani yenye darubini. Nilipozinduka vidole vilikuwa vile vile, vitatu vya mpira. Nikalia. Nikakwambia wamenidanganya, hawakushona kitu. Ndipo ukakaa kitandani kwangu ukanifundisha, na mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifundisha nikaelewa kama siku ile.

"Mama, ukikata mfereji wa shamba katikati, maji ya upande wa chini yanafanyaje?"

"Yanakauka."

"Na mfereji wenyewe?"

"Unabaki. Unajaa majani na tope."

"Ndiyo mkono wako. Ule uzi wa ndani uliokuwa unabeba habari, kuanzia kwenye kidonda mpaka ncha ya kidole, umekufa wote. Hata wakiuunga haufufuki. Lakini mrija wake umebaki. Sasa mwili utaita msaragambo."

Nikacheka huku nalia, maana msaragambo naujua. Kabla maji hayajafunguliwa kule mtoni kwenye banio, kila mwenye shamba anaitwa na jembe lake kusafisha mfereji, na asiyekuja anatozwa jogoo. Ukasema mwilini pia wapo wafanyakazi wadogo wadogo wa namna hiyo. Mwezi wa kwanza hutaona kitu, wanazoa tu mabaki ya uzi uliokufa. Halafu wanajipanga kwenye mrija, mmoja nyuma ya mwenzake, wanauita uzi mpya utoke juu. Na uzi unachipua, unashuka.

"Kwa mwendo gani?"

Ukafikiri. Ukaingiza mkono kwenye mfuko wa kitenge changu, kwa sababu ulijua mfukoni mwangu hamkosi punje. Ukaitoa moja, ndefu, nzima, ukailaza juu ya kovu langu.

"Punje moja kwa wiki. Ikijitahidi."

Ukazipanga kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole cha shahada, kichwa kwa mkia, huku wagonjwa wa vitanda vya jirani wamenyanyua shingo kutazama. Zilikuwa thelathini na saba. Nesi akaja akauliza, "Jamani, kuna mtu anapikiwa hapa?"

Tangu hapo kila Jumapili nikitoka misa natia punje moja kwenye kichupa cha dawa. Na wewe kila ukija unanigonga mkono kwa ncha ya kidole chako, kutoka kwenye kovu ukishuka taratibu. "Hapa?" Hakuna kitu. "Hapa?" Hakuna. "Hapa?" Nikaruka! Umeme ulinipiga mpaka kwenye kucha. Ukacheka ukachora mstari kwa kalamu pale pale. "Basi umefika hapo. Hiyo ndiyo ncha ya uzi, imechungulia." Ule mstari nilitembea nao sokoni nikimwonyesha kila mtu. Mama Rehema akaniambia, "Wewe mwanamke, hata kidonda unakivalia sare."

Punje ya kumi na moja, ndiyo wiki uliyokwenda Idodi.

Ulikuwa unamfuata mtoto mmoja ambaye mama yake hakuweza kumleta mjini kwa mazoezi, ukapanda pikipiki. Ng'ombe akakatiza. Dereva akavunjika mkono, wewe ukaangukia mgongo kwenye jiwe. Yule dereva alikuja msibani mkono wake ukiwa umeunga vibaya. Nilimpa chakula kwa mkono wangu, ujue hivyo. Hakuwa na kosa.

Nilikukuta Mbeya, walikokuhamishia kutoka Iringa, hospitali ile ile, ghorofa nyingine. Daktari akanichukua pembeni kwenye korido akanieleza mambo mengi. Nikasikia neno moja tu: mishipa ya fahamu. Mwanangu, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Watu wote wa ukoo wanalia, na mimi nasema moyoni, kumbe ni hilo tu, hilo nalijua. Niliingia kwako natabasamu. Nikakwambia, "Usiogope, mama. Ni msaragambo." Ukasema, "Ndiyo, mama." Wakati ule niliona umekubali. Leo najua uliniona nimechoka ukanihurumia.

Usiku ule wa kwanza nililala chini ya kitanda chako. Asubuhi nikakugeuza wakati nesi anakuosha, nikachukua kamba ya kitenge nikapima kutoka mahali mgongo ulipovunjika, kati ya mabega, mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Nyumbani nikaipanga ile kamba kwa mchele. Punje mia moja na sabini. Nikatafuta chupa kubwa ya juisi nikaiosha, nikaiweka dirishani kwenye chumba chako chenye bati za kijani, karibu na kichupa changu. Ikawa kila Jumapili punje mbili: moja kwangu, moja kwako.

Ulirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu na ratiba uliyoiandika mwenyewe. Ukaniambia niibandike ukutani. Kila baada ya saa mbili nikugeuze kitandani. Ukiwa kwenye kiti, nikuinue kila mara, hata kidogo, makalio yapumue. Ngozi ikaguliwe asubuhi na jioni kwa kioo. Ulinieleza sababu. "Mama, mtu mwenye afya akikaa vibaya anaumia, anajisogeza bila kujua. Maumivu ni mlinzi. Mimi mlinzi wangu kuanzia kifuani kushuka hayupo. Wewe ndiye mlinzi." Nikasema nimeelewa. Nikaibandika ratiba kwa gundi ya unga, ikanyooka vizuri, nikamwita wifi yangu Sabina aje aone mwandiko wa mtu aliyesoma.

Halafu ndipo nikafanya nilivyofanya.

Nilikuvisha vitenge vipya, nikakusuka, nikakutoa barazani watu wakuone. Nilitaka waone rangi yako imerudi. Walikuja, unakumbuka? Wa jumuiya, wa mashineni, hata wa Chimala siku ya gulio. Kila aliyekuja nilimwanzia habari ya msaragambo na punje, nikamwonyesha mkono wangu na mistari yake, nikamwonyesha chupa. "Mia moja na sabini tu! Anasimama huyu." Mama Rehema ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, "Mama Yusta, mimi nimesikia uti wa mgongo ni habari nyingine."

"Umesomea wapi?"

"Sijasoma. Nimesikia."

"Basi kaa na ulichosikia. Mwenye kusoma ni huyu hapa, na hajanikatalia."

Ukatazama chini. Ukaniambia, "Mama, niinue kidogo." Nikasema, "Ngoja mwanangu, yule pale anakuja ni mama mkwe wa mwenyekiti." Ulingoja. Siku nyingine ulingoja tena. Sikumbuki ni mara ngapi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba hata idadi yake sina. Punje nilihesabu. Hizo sikuhesabu.

Jioni moja wageni walipoondoka ukaniambia nikae. Ukasema, "Mama, chupa ile wamwagie kuku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haitajaa."

Nikakasirika. Nikasema shetani ndiye anayekukatisha tamaa. Hukupandisha sauti. Ukanieleza kwamba mkononi wafanyakazi wanasafisha mfereji kisha wanauita uzi. Mgongoni ni wengine. Wanachelewa kuzoa uchafu, na pale palipokatika wanajenga ukuta haraka haraka, kama watu wanaozuia mafuriko yasiingie kijijini. Wanafanya vizuri, wanaokoa kilichobaki. Ila mafuriko yakipita ukuta hawaubomoi. Uzi unachipua, unafika pale, unagonga, hauoni njia, unakaa. Wapo wataalamu duniani wanaotafuta namna ya kuutoboa, ukasema, na wengine wamewasaidia wagonjwa kidogo kidogo, na ipo siku.

"Ila si kwa mchele, mama. Na si mwaka huu."

"Nani kakwambia wewe haya?"

"Nimesoma, mama. Wewe ndiye uliyenisomesha."

Yusta, nimeuza mchele miaka yote nikijivunia ile kauli. Nimewaambia watu nimesomesha, nimesomesha. Siku ile ulinirudishia mwenyewe, nikaona uzito wake. Nikakuuliza kwa nini uliniacha nihesabu. Ukasema, "Nilikuwa napenda kusikia ile sauti ya punje ikianguka kwenye chupa. Jumapili ilikuwa inakuwa Jumapili."

Sikuwamwagia kuku. Nilishindwa.

Kidonda nilikiona siku mbili baadaye, chini ya kiuno, kwa juu kidogo kama harage, lakini ndani kumechimbika. Hakikuwa kimekuuma. Kingekuwa kwangu ningepiga kelele mpaka Igawa wangesikia. Kwako kilikula kimya kimya, huku juu umesukwa vizuri na kitenge kimenyooshwa. Hukunilaumu. Ulisema tu, "Kuanzia leo nalala kifudifudi," ukanielekeza namna ya kuosha, namna ya kufunga, kama unamfundisha mwanafunzi.

Na ukiwa umelala kifudifudi hivyo ndipo ulipoanza mchezo wa beseni. Nikikumbuka wewe, nakumbuka hapo kuliko pengine pote. Beseni la mchele sakafuni chini ya kitanda, kidevu chako kwenye ukingo wa godoro, mikono yako mizima inaning'inia. Ulisema uzi ukifika kidoleni kazi bado, kwa sababu nyuzi nyingine hupotea njia zikaingia mfereji wa jirani, na kichwa kinapokea habari kikadhani zinatoka kwingine. Inabidi kichwa kifundishwe upya, kama mtoto. Ukawa unaficha kitu ndani ya mchele.

"Fumba macho, mama. Nini hicho?"

"Kifungo."

"Umechungulia!"

"Sijachungulia!"

"Jicho la kushoto lilikuwa wazi, nimeliona. Funga kitambaa."

Nikafunga kitambaa. Sikupata hata kimoja. Punje ya mahindi niliita ushanga, ushanga niliita harage. Sabina alicheka mpaka akakaa chini. Nikichoka nilikuwa nasema tu, "Hakuna kitu humu, umenichezea," na wewe unaingiza mkono unaibua kifungo, unakitingisha puani pangu. Ukaniwekea sheria. "Huruhusiwi kusema hakuna mpaka uwe na uhakika. Kusema kipo ni rahisi, mama, unakishika. Kusema hakuna ndiyo kazi. Kazi yako wewe ndiyo hiyo tangu zamani, kumwambia mtu kwamba humu hamna jiwe."

Asubuhi homa ya kidonda ilipopanda, gari likiwa limesimama nje kukupeleka Mbeya, ulimwomba Sabina akuletee beseni. Nilikuwa natafuta kadi zako, niliona kwa mbali tu mkono wako umeingia kwenye mchele, unazunguka. Ukalifunika kwa kanga. Ukaniambia, "Hili la leo usinijibu sasa. Nijibu vidole vikifika."

Kichupa changu kilikuwa na punje thelathini na tatu. Ya thelathini na nne niliitia nikiwa nimevaa nyeusi.

Chupa yako niliipeleka kaburini, nikataka kuupanda ule mchele pale juu. Sabina akanishika mkono. "Wifi, mchele uliokobolewa hauoti." Mimi, wa kuambiwa hivyo! Mimi niliyewafundisha watu wa Rujewa kutofautisha punje! Nilimwaga hivyo hivyo, ndege wakaja. Siku ya arobaini wakataka kupika mchele wa kwenye beseni lako, watu walikuwa wengi. Nikalikalia. Wakasema Mama Yusta amechanganyikiwa. Nikasema ndiyo, pikeni mwingine.

Sasa nikupe habari uliyokuwa unaingoja.

Thelathini na saba ilipita, hakuna kitu. Thelathini na tisa, hakuna. Nikasema hata huu umegonga ukuta, na moyoni nikaona ni haki yangu. Punje ya arobaini na mbili, nilikuwa namenya kitunguu, nikasikia kama sisimizi anatembea kwenye kidole cha shahada. Nikatazama, hakuna sisimizi. Lilikuwa ganda la kitunguu. Nililiweka tena. Nikaliondoa. Nikaliweka. Nikaita, "Yusta!" Niliita kwa sauti, Sabina akatoka nje mbio, akanikuta nimesimama na ganda la kitunguu, akaelewa, akanikumbatia.

Bado hakijakaa sawa. Nikigusa kitu kwa kidole cha kati, kichwa kinaniambia ni cha shahada, vile vile ulivyosema, nyuzi zimeingia mfereji wa jirani. Maji ya moto yananiwasha badala ya kuchoma. Lakini nimefanya mazoezi kila siku na kitambaa usoni, na Sabina ndiye anayeficha, ingawa yeye hana ujanja wako, anaficha kijiko. Vifungo napata. Ushanga napata. Wiki iliyopita nilichagua kilo tano nikampelekea Mama Rehema. Safari hii alifungua mfuko, akachimba mpaka chini. Sikumkasirikia. Akafunga kamba taratibu, akaniambia, "Haya. Umerudi, mwanamke." Nililia njia nzima, maana hilo ndilo neno nililotaka niambiwe juu yako.

Wazazi wenzangu, ratiba ya Yusta bado ipo ukutani kwangu. Njooni muinakili. Mgeni akikuta saa ya kumgeuza mgonjwa imefika, mgeni asubiri, hata akiwa nani.

Na beseni, mwanangu. Leo asubuhi nimelifunua.

Nilifunga kitambaa vizuri, macho yote mawili, ungeniangalia ungeridhika. Nikaingiza vidole vitatu. Niliogopa, kwa sababu nilishajiambia miezi yote hii umeniwekea nini. Hereni niliyokupa ulipomaliza shule. Kishikizo cha nywele. Kikaratasi kilichokunjwa, chenye neno la kunisamehe, hicho nilikiota. Nikapitisha pembeni, nikapitisha chini, nikazoa kiganja kimoja kimoja nikahamishia kwenye ungo, punje kwa punje, kama ninavyofanya kazi yangu. Chenga nilizisikia. Chuya mbili nilizisikia. Nikamaliza, nikaanza tena kutoka kwenye ungo kurudi beseni. Nikarudia mara ya tatu. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani kwako, nililisikia kwenye shavu.

Sikutaka kulisema. Nilikaa pale nikitafuta kidole kimoja tu kinidanganye. Hakikunidanganya hata kimoja.

Basi pokea jibu lako, na sijachungulia. Nina uhakika, mama. Humu hakuna kitu.

Ni mimi mlinzi wako niliyechelewa,
Mama.